Kodi Haijaingia

Rimoti ya TV yetu ilifia kwenye uji. Kitinda mimba wangu aliitumia kukorogea uji wa ulezi jioni, akashiba, akalala, na sisi wakubwa tukabaki kuitafuta nyumba nzima: chini ya makochi, nyuma ya friji, ndani ya tenga la nguo chafu, mpaka kwenye mifuko ya suti yangu ambayo sijaivaa tangu siku niliyooa. Mama watoto ndiye aliyeikuta alfajiri alipoanza kuosha vyombo. Uji ulikuwa umeshaganda, na rimoti imesimama wima katikati ya bakuli kama mwiko.

Nilifanya yote anayotakiwa kufanya mwanamume. Niliifungua kwa kisu cha mezani. Nikaifuta kwa spiriti. Nikaianika juani, ungo mmoja na dagaa. Betri nikazing'ata, kila moja mara mbili, kama alivyokuwa akizing'ata marehemu baba yangu ili redio imfikishe mwisho wa taarifa ya habari. Jioni dagaa walikuwa wamekauka vizuri sana. Rimoti, hakuna.

Najua kuna mtu atasema, si ubonyeze vitufe vya kwenye TV yenyewe? Vitufe vipo. Sita, ubavuni, vimepangwa vizuri. Ila tangu fundi alipoifungua TV hiyo miaka miwili iliyopita, vimebaki pambo tu. Ukichomeka umeme, TV inawaka yenyewe, inakuletea skrini ya bluu, na hapo ndipo mwisho wa safari. Kutoka kwenye bluu kwenda kwenye king'amuzi lazima ubadilishe sosi, na sosi inabadilishwa na rimoti peke yake. Rimoti ya king'amuzi ilikuwepo, nzima kabisa, bado imo ndani ya nailoni yake, lakini hiyo inaongea na king'amuzi tu. Ya sabufa inaongea na sabufa. Ya feni inaongea na feni. Kabla hawajaizima analojia hapa Dar es Salaam, mwisho wa mwaka 2012, tulikuwa na rimoti moja na tukaiona ni anasa. Sasa tuna nne, na hakuna hata mbili zinazosalimiana.

Haya yote ningeyavumilia, mimi ni mtu wa redio. Lakini wiki ile alikuwa amekuja mama mkwe kutoka Tanga. Mama mkwe wangu hagombi wala hapandishi sauti. Alipofika alisema tu kwamba kochi la karibu na feni lingemfaa, ila akikaa hapo TV anaiona ubavu. Basi tukaihamisha TV siku hiyo hiyo, tukaiweka chini ya dirisha la uani. Sasa TV imemwelekea, feni imemwelekea, saa tatu ya tamthilia yake ya Kituruki imefika, na kwenye skrini kuna bluu. Akaitazama ile bluu, mikono mapajani, kwa muda wote wa tamthilia. Alipoinuka kwenda kulala akasema, "Bahari leo imetulia."

Kesho yake, Alhamisi, nikaenda Kariakoo.

Kijana wa dukani hakuniuliza hata jina la TV. Alichomoa pakiti moja katika rundo lililofika darini akanipa. "Hii inashika TV zote, mzee wangu. Chogo, flati, mpya, mtumba, zote."

"Na ya kwangu?"

"Ya kwako si TV?"

"Ni TV."

"Basi inashika."

Nilikaa pale nikitafuta tundu katika hoja hiyo, sikuliona. Nikatoa elfu saba. Nilipomuuliza kama ikikataa naweza kuirudisha, alikuwa ameshaanza kuongea na mteja mwingine.

Ndani ya pakiti kulikuwa na rimoti yenye vitufe vingi kuliko nilivyowahi kuhitaji katika maisha yangu, na karatasi. Karatasi ile ikiwa imekunjwa inaenea ndani ya kiberiti. Ukiikunjua inafunika meza. Imeandikwa pande zote mbili kwa herufi za ukubwa wa chawa mchanga: majina ya TV kuanzia A mpaka Z, na mbele ya kila jina safu ya namba za tarakimu tatu. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza cha mtu ambaye naye alifundishwa na karatasi. Lakini kazi yenyewe ilieleweka. Washa TV. Shikilia kitufe cha SET mpaka taa nyekundu iwake na isizimike. Ingiza namba ya TV yako. Taa ikizimika, bonyeza cha kuzimia. TV ikizimika, umemaliza.

TV yangu jina lake ni la kampuni kubwa ya Korea, limeongezewa herufi moja katikati. Kwenye karatasi hilo lenye herufi ya ziada halikuwemo. Lile lenyewe, la kampuni kubwa, lilikuwemo na namba zake thelathini na kitu. Nikasema hawa lazima ni ndugu, tuanze na za mkubwa.

Sasa, Kiswahili sanifu kinaita namba hiyo msimbo. Nalijua neno hilo, nimeliandika zaidi ya mara moja. Lakini hakuna mtu anayepiga kelele "msimbo" usiku, ameshika rimoti, na mama mkwe amekaa nyuma yake anaguna. Nyumbani kwangu tunasema kodi. Binti yangu wa kidato cha tatu alishika karatasi na tochi ya simu, mimi nikashika rimoti, madirisha yote wazi kwa ajili ya joto.

"Haya, kodi?"

"Mia na kumi na moja."

"Imeingia?"

"Haijaingia, baba, taa bado inawaka. Rudia."

"Imeingia. Lakini haizimi."

"Mia na kumi na mbili."

Hapa inabidi nieleze jiografia kidogo. Tumepanga Tandika, ua mmoja na mama mwenye nyumba. Kutoka dirisha letu mpaka dirisha lake ni hatua saba, nimezihesabu kila nilipopeleka pesa yake. Na kwa mwezi mzima tulikuwa hatuvuki salamu, kwa sababu ya luku. Tunachangia mita moja. Yeye anadai friji langu ndilo linalokula umeme. Mimi nilimkumbusha, kwa heshima zote, kwamba kati yetu sisi wawili anayeuza barafu siyo mimi.

Tulikuwa tumefika namba ya nne niliposikia hodi. Mama mwenye nyumba, khanga begani, amesimama mlangoni.

"Baba, nimesikia mnahangaika na kodi. Nikasema nisiwaingilie, kila nyumba ina mambo yake. Lakini hiyo mia na kumi na nne siyo tuliyokubaliana. Tulikubaliana mia na ishirini. Na miezi yenu inaisha Jumamosi, keshokutwa hiyo."

Nikamwambia ni kodi ya rimoti. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu anayedai mbuzi wake amekula pesa.

"Haya," akasema. "Na ikishaingia hiyo, mniambie."

Tulipomaliza namba zote thelathini na kitu ilikuwa saa nne na nusu. Mama mkwe alikuwa ameshalala, baada ya kutuaga kwa kusema mawimbi leo yamezidi kidogo.

Ijumaa binti alirudi kutoka shule na maarifa mapya. Akaniambia kwanza tuhakikishe kama rimoti inatoa chochote. Akawasha kamera ya mbele ya simu, akaniambia niielekezee rimoti na nibonyeze. Kwa macho ya kawaida huoni kitu. Kwenye simu, kile kidude cha mbele ya rimoti kinang'aa mwanga mweupe uliochanganyika na zambarau, unapepesa. Ni mwanga halisi, ila ni wa infraredi, jicho letu halikuumbiwa. Akanieleza kwamba lazima iwe kamera ya mbele, kwa sababu za nyuma kwenye simu nyingi zimewekewa kichujio kinachouzuia mwanga huo. Mama mkwe akaomba naye aone. Akabonyeza, akaona, akabonyeza tena. "Kumbe maskini inafanya kazi," akasema, "hasikilizwi tu." Sikumuuliza kama alikuwa anazungumzia rimoti.

Basi rimoti haina kosa. Karatasi ilikuwa na njia ya pili, kwa sisi ambao TV zetu hazina ukoo: kutafuta kwa kujiendesha. Unashikilia SET, taa ikitulia unabonyeza cha kuzimia mara moja, kisha unaielekeza kwenye TV na kusubiri. Rimoti inaanza kutuma kodi zake zote, moja moja, na kila ikituma taa inapepesa. TV ikizimika tu, unabonyeza OK haraka ili ihifadhi kabla haijapita kwenda ya mbele. Haraka hilo ndilo neno lenye shida. Kitufe cha kuzimia ndicho hicho hicho cha kuwashia, hivyo ukizubaa, kodi inayofuata nayo ikawa inafanana, TV inawaka tena na wewe umebaki hujui ni ipi kati ya hizo. Kulikuwa na kodi zaidi ya mia tatu. Ukizipa sekunde mbili kila moja, ni dakika kumi za kunyoosha mkono kama sanamu. Jaribu dakika mbili uone.

Ili nisilalamike, binti akawa ananisomea mambo ya rimoti kwenye simu. Alidhani ananituliza. Kumbe mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti iitwayo Flash-Matic, kazi ya mhandisi Eugene Polley, iliyokuwa kama tochi tu: unamulika kona nne za TV, kila kona na kazi yake. Shida ikawa jua likipiga kwenye kona, TV inabadilisha chaneli bila kutumwa. Mwaka uliofuata, 1956, Robert Adler wa kampuni hiyo hiyo akatoa nyingine, Space Command. Ndani yake mlikuwa na vifimbo vinne vya alumini na vinyundo. Ukibonyeza, kinyundo kinagonga kifimbo, kinalia kwa sauti ya juu ambayo binadamu haisikii, TV inaisikia.

"Betri zake?" nikauliza.

"Haikuwa na betri, baba."

Nikaushusha mkono. Mwaka 1956! Baba yangu alikuwa hata hajaanza kung'ata betri, na wenzetu wana rimoti isiyohitaji betri, inaendeshwa kwa kugongwa nyundo, nasi tukaiacha hiyo tukaja kwenye hii inayokufa kwa uji. Binti akasema niinue mkono, kodi zinapita. Nikainua. Akaendelea: na hii ya kushika vyombo vingi kwa pamoja, mmoja wa watu wa mwanzo kuitengeneza ni Steve Wozniak, yule yule aliyeanzisha Apple na wenzake. Alifungua kampuni nyingine, CL 9, mwaka 1987 wakatoa rimoti yao iliyoitwa CORE. Ilikuwa na uwezo ajabu, ila kuipanga haikuwa kazi ya mtu wa kawaida. Nilitamani kumjua huyo bwana. Ningemuuliza mama mkwe wake alikuwa anaishi wapi.

Ndipo TV ikazimika.

Nilibonyeza OK kwa kidole gumba na kwa roho yangu yote. Taa ikazimika. Ng'ambo ya ua ikasikika sauti ya mume wa mama mwenye nyumba, "Aaah!", nikajua kuna goli, maana alikuwa anaangalia mpira. Sisi tulikuwa tunakumbatiana. Nikabonyeza, TV ikawaka. Nikabonyeza, ikazimika. Nikaiwasha tena, nikamkabidhi mama mkwe rimoti kwa mikono miwili, zikiwa zimebaki dakika tatu kufika saa tatu.

Akabonyeza sauti. Ikafunguka menyu. Akabonyeza chaneli. Menyu ikashuka mstari mmoja. Nikaichukua, kwa adabu, nibadilishe sosi. Kitufe cha sosi kikanyamazisha sauti. Nilipotafuta pa kutokea nikazunguka humo kwenye menyu kama mgeni Kariakoo, kulia, chini, OK, chini, OK, na mara maandishi yote yakageuka Kirusi. Zile herufi zao, R imegeukia kushoto, N nayo imejigeuza. Sikujua lolote lisemalo rudi nyuma. Mama mkwe alikaa nayo dakika chache. "Hawa si Waturuki," akasema, akaenda kulala.

Jumamosi asubuhi nikampigia simu fundi. Alikuwa Morogoro kwenye msiba, harudi mpaka Jumatatu. Nilimweleza tangu uji mpaka Urusi.

"Sasa bosi," akasema, "wewe unatafuta kodi za jina gani?"

Nikamtajia jina lililoko usoni mwa TV.

"Si nilikubadilishia bodi, mzee? Umesahau? Ule mwaka umeme ulivyokatika ukarudi kwa kishindo. Nikakufungia bodi ya Kichina, na rimoti yake nikakupa. Wiki ile nilifunga kama tano hapo kwenu. Hiyo TV imebaki na sura tu, bosi. Kichwani ni mtu mwingine kabisa."

Nikakaa kitako. Ndiyo maana vitufe vya ubavuni ni pambo: viliunganishwa na bodi iliyokwishakufa. Ndiyo maana ile rimoti ya marehemu haikuwa na jina lolote, mgongoni wala usoni, jambo ambalo mama watoto alilisema Alhamisi na mimi nikamwambia jina la rimoti si muhimu. Siku tatu nilikuwa namwita mtu kwa jina la mwenye nyumba wa zamani.

Fundi alinieleza vizuri, namsifu kwa hilo, tena akiwa msibani. Ule mwanga wa rimoti unapepesa kama mara 38,000 kwa sekunde, ili TV iutofautishe na taa za ndani na jua. Juu ya kupepesa huko ndipo unapoandikwa ujumbe, na kwenye bodi nyingi za namna hii ujumbe una sehemu mbili: anwani na amri. Anwani inasema nani anaitwa, amri inasema afanye nini. Tena kila kimoja kinatumwa mara mbili, mara ya pili kwa kukigeuza kinyume, ili mpokeaji alinganishe ajue hajasikia vibaya. (Nilimwambia kuna watu nyumbani kwangu huzungumza hivyo hivyo.) Sasa ile kodi ya jana ilipata anwani, na kwa bahati ikapata amri ya kuzima, ila vitufe vingine vimepangwa tofauti. "Kwa hiyo usihifadhi mpaka ujaribu vitatu," akasema. "Kuzima, sauti, sosi. Vyote vitatu vikikubali, ndiyo yenyewe. Kimoja kikigoma, songa mbele. Na simu yangu inaisha chaji, bosi."

Jioni hiyo walikuwa wanacheza watani wa jadi. Ua mzima umejaa kelele, kila dirisha lina mpira isipokuwa letu, lenye bluu. Mimi nimesimama na mkono wangu tena. Kodi zikapita. TV ikazimika kwenye ile ya jana, nikaijua, nikaiwasha, nikaiacha ipite. Ng'ambo mtu akapiga ukelele. Nikaendelea. Dakika ya sita au ya saba, TV ikazimika tena. Kimya kidogo, halafu ng'ambo ya ua ukalipuka ukunga ambao sijawahi kuusikia hata kwenye goli la dakika ya 90. Nikashtuka, rimoti ikanitoka, ikatua sakafuni kwa kichwa, kifuniko huku, betri moja chini ya kochi la mama mkwe, nyingine mpaka leo hatujaiona. Sikuwa nimebonyeza OK.

Mlango haukubishwa hodi. Mama mwenye nyumba aliingia moja kwa moja, na mkononi ana rimoti.

"Ni nyie? Niambieni kama ni nyie! Jana TV imezima mpira ukiwa katikati, ikawaka yenyewe, imezima, imewaka. Tangu jana inaandika maneno ya kichawi, mume wangu ameshataka kuita shehe. Leo penalti, penalti baba, mpira umewekwa, imezima! Na kila ikizima nasikia humu mnasema kodi, kodi, kodi!"

"Shikamoo mama," nikasema, maana sikuwa na lingine.

"Marahaba. Nikibonyeza hivi," akainyoosha rimoti yake kuelekea TV yetu, ili atuonyeshe alivyokuwa anateseka, "nikibonyeza hivi..."

TV yetu ikawaka.

Hakuna aliyesema kitu. Akabonyeza tena, ikazimika. Akabonyeza, ikawaka, akabonyeza sosi, na pale chini ya dirisha, kwa rangi zake zote, ukatokea mpira. Mpiga penalti alikuwa ameshakosa, wanamrudia kwa mwendo wa polepole.

Nikaiangalia ile rimoti mkononi mwake. Nyeusi, fupi, kitufe kimoja chekundu, mgongoni hakuna jina. Pacha wa yule aliyezama kwenye uji. Miongoni mwa zile bodi tano za wiki ile, moja ilikuwa ya kwetu na moja ilikuwa ya kwake, hatua saba. Siku tatu nazunguka Kariakoo, Korea, Urusi na Marekani ya 1956, na dawa iko juu ya meza ya mama mwenye nyumba, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Mama mkwe ndiye aliyevunja kimya. "Karibu ukae, mwanangu," akamwambia. "Kochi hilo lina feni."

Binti akaikunjua tena karatasi, sehemu ya nyuma kabisa, pale pasipo na namba. Kumbe rimoti yangu inaweza pia kunakili, kitufe kwa kitufe, kutoka kwa rimoti nyingine iliyo hai. Unazilaza mezani zikiangaliana uso kwa uso, zimeachana vidole viwili, unaiambia yako sikiliza, ya mwenzako inasema, taa inapepesa, basi. Ukitaka ushauri wangu, fanya hivyo leo, wakati yako ya sasa bado inapumua, kabla ya mtoto kuona njaa. Sisi tulifanya kwa vitufe kumi na tisa. Betri tulikopa kwenye saa ya ukutani. Mama mwenye nyumba alikataa kuiachia rimoti yake hata dakika moja, hivyo tuliketi yeye upande ule na mimi upande huu wa meza, vichwa vimeinama. Mimi nikishika cha sauti, yeye anabonyeza cha sauti. Kati ya kitufe na kitufe tukazungumza habari ya luku. Tulipofika tarakimu ya saba alikubali kwamba jokofu la barafu nalo linakula. Kwenye tisa nami nikakubali la kwangu ni la zamani. Kirusi alikiondoa binti, amesimama akilielekea dirisha na pazia limefunguliwa, kwa mbonyezo ule ule TV mbili zikarudi kwenye lugha ya watu.

Mama mwenye nyumba akainuka, akaifunga khanga vizuri.

"Hii kodi imeingia," akasema. "Na ile nyingine?"

Nikaenda chumbani nikamhesabia ya miezi sita.

Sasa TV inafanya kazi. Rimoti mpya ina nguvu, inapenya wavu wa dirisha kama hakuna kitu, na mama mkwe ameongeza wiki mbili kwa sababu tamthilia imefika mahali pazuri. Kwa hiyo kila siku saa tatu kasoro dakika tano anatuagiza tufunge madirisha na tushushe lile pazia zito la sikukuu, ili mume wa mama mwenye nyumba asije akahamishwa kutoka kwenye mpira wake. Tunakaa humo watu sita, mwezi wa Februari, Dar es Salaam, bila hata upepo wa dirishani. Feni ipo. Imegoma kwenye namba moja, na rimoti yake, juzi jioni, kitinda mimba alionekana nayo akielekea jikoni.